Shajara ya difu: 3.42, tairi kubwa na karavani ya tani mbili na nusu

8 Februari

Safari ya kwanza na karavani iliisha jana, naandika leo kabla hasira hazijapoa.

Pikapu ni Chevrolet Silverado 1500 ya mwaka 2004, foo-wili, V8 ya lita 5.3, otomatiki ya gia nne. Difu yake, yaani zile gia za kwenye ekseli zinazozungusha tairi, ni ya 3.42: propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi, huzunguka mara 3.42 tairi zikizunguka mara moja. Kwenye tambarare ilivuta bila neno. Vituko vilianzia kwenye kilima kirefu, kile chenye kibao cha asilimia 6. Gia ya tatu ikashindwa, giaboksi ikashuka ya pili, injini ikanguruma, mwendo ukapanda kidogo, giaboksi ikarudi ya tatu, injini ikaishiwa pumzi, ikashuka tena. Nilihesabu mara kumi na moja. Mwishowe nikaishikilia ya pili kwa mkono, mguu umekanyaga mpaka sakafuni, mshale wa mwendo ukaganda kwenye 60. Nyuma yangu lori la mchanga likapiga honi. Yaani lori la mchanga, tena limejaa!

"Baba Neema, gari inaumwa au inaringa?" mke wangu akauliza. Sikuwa na jibu.

Honi haikuniumiza kama joto la oili ya giaboksi. Nilikuwa nimechomeka kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, na kufika juu kilisoma nyuzi 118. Kila gia inapobadilika, kufuli ya konveta (kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) hufunguka na oili hukorogwa mle ndani, na kukorogwa huko ndiko joto lenyewe. Ukibadilisha gia mara kumi na moja kwenye kilima kimoja, unapika giaboksi.

9 Februari

Nimepita mizani kabla ya kushusha mizigo. Karavani peke yake kilo 2,620. Pikapu, watu, maji, kreti na vurugu zote: jumla ya msafara mzima kilo 5,400 kasoro kidogo. Iko ndani ya viwango vya kitabu cha gari, kwa hiyo siwezi kusingizia uzito.

15 Februari

Kila niliyemuuliza ameniambia neno lilelile: "Weka difu ya 3.73, hiyo ndiyo ya kuvutia mzigo." Nilikuwa tayari nimeshaanza kutafuta gia zenyewe. Kisha leo nikafungua mlango wa dereva kufagia, macho yakaangukia ile karatasi ya kiwandani iliyobandikwa kwenye fremu: tairi 245/75R16. Nikainama kuangalia tairi zilizopo. 285/75R16.

Aliyeniuzia alipenda gari ikae juu. Ni haki yake. Lakini hebu tupige hesabu.

285 ni upana kwa milimita, 75 ni asilimia ya upana huo inayokuwa ukuta wa tairi, na 16 ni rimu kwa inchi. Ukuta mmoja ni 285 × 0.75, yaani 213.75. Kuta mbili, juu na chini, 427.5. Ongeza rimu, inchi 16 ambazo ni milimita 406.4. Tairi nzima ina kimo cha milimita 834. Ya kiwandani, kwa hesabu hiyohiyo, 774.

Tairi kubwa hukanyaga ardhi zaidi kwa kila mzunguko. Kwa injini hilo ni sawasawa na kupewa difu ya namba ndogo zaidi. 774 gawa kwa 834 ni 0.928. Zidisha kwa 3.42 unapata 3.17. Kwa hiyo kile kilima sikukipanda na 3.42 kama nilivyodhani. Nilikipanda na 3.17, difu ya mtu anayetaka kwenda mjini na kurudi huku akibana mafuta.

Ile 3.73 ya washauri wangu nayo, kwa tairi hizi, inakuwa 3.46. Yaani ningelipa gia, beringi na fundi, nilale chini ya gari wikiendi mbili, ili nifike pale gari ilipotoka kiwandani. Nimekaa kwenye ngazi ya mlango na kalamu mkononi kama dakika kumi hivi.

Jambo jingine limejifunua hapohapo: mshale wa mwendo unadanganya. Kompyuta inahesabu mizunguko ya propela na kudhani tairi ni ndogo. Iliposema 60, kwa kweli nilikuwa 65. Kilomita pia zimekuwa zikihesabiwa pungufu, kwa hiyo ulaji wa mafuta nilioulalamikia tangu ninunue gari haukuwa mbaya kiasi kile. Nimerekebisha daftari lote la mafuta kwa kuongeza asilimia 7.75 kwenye umbali. Angalau kuna habari moja njema.

22 Februari

Sinunui kitu kwa kuamini karatasi. Kwenye kisanduku cha mbele ya abiria kuna orodha ya alama za kiwandani, na mojawapo ni GU6, ambayo ni 3.42. Lakini gari ina miaka mingi na imepita mikono mingi, nani ajuaye kilichomo ndani ya hauzingi, lile kasha la difu?

Kipimo ni rahisi. Weka gia huru, kaba matairi ya mbele, inua tairi moja tu ya nyuma kwa jeki na uweke stendi. Chora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela. Zungusha tairi mara mbili kamili huku mtu akihesabu propela. Ni mara mbili kwa sababu tairi ya upande wa pili imekaa chini haizunguki, kwa hiyo spaida, zile gia ndogo za katikati ya difu, zinagawa mzunguko nusu kwa nusu. Shemeji alilala chini na tochi, mimi nikazungusha polepole.

"Moja... mbili... tatu... na kitu."

"Kitu kiasi gani, shemeji?"

"Haifiki nusu."

Tatu na pungufu ya nusu. Ni 3.42, karatasi imesema kweli.

1 Machi

Siku ya kuamua. Nimeijaza kurasa nne, nitafupisha.

Uwiano wa difu ni meno ya krauni (gia kubwa inayozungusha ekseli) gawa kwa meno ya pinioni (gia ndogo inayozungushwa na propela). Kwa difu hii krauni ina meno 41 kwenye chaguo zote ninazoziangalia, kinachobadilika ni pinioni: meno 12 inakuwa 3.42, meno 11 ni 3.73, meno 10 ni 4.10, meno 9 ni 4.56. Kwa sababu krauni ni ileile 41, ulinganisho unakuwa mwepesi hata bila kikokotoo: kutoka 12 kwenda 10 ni nguvu zaidi ya asilimia 20 tairini katika gia ileile. Kutoka 12 kwenda 11 ni asilimia 9 tu.

Ila hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Difu haiongezi hata farasi mmoja. Kilimani kinachohitajika ni nguvu kwa sekunde, na hiyo inatoka kwenye injini. Kazi ya difu ni kuiruhusu injini ifike kwenye mizunguko ambako nguvu hiyo ipo. Injini yangu ina torki, yaani nguvu ya kuzungusha, kubwa kabisa kwenye mizunguko 4,000 hivi kwa dakika. Ukiikaba kwenye 1,800, hata ukikanyaga mpaka mguu utoboe sakafu, haina cha kukupa.

Kwa kilima cha asilimia 6, tani 5.4, kilomita 80 kwa saa: kupandisha uzito peke yake kunataka nguvu ya nyutoni 3,180, msuguano wa tairi kama 640, na upepo kwenye lile sanduku la karavani kama 1,500. Ukijumlisha, ukazidisha kwa mwendo, ukaongeza kinachopotelea kwenye giaboksi na difu, injini lazima itoe karibu kilowati 140. Sasa tazama mizunguko inayopatikana kwa mwendo huo na tairi nilizonazo:

3.42: gia ya tatu 1,790, gia ya pili 2,920
3.73: ya tatu 1,960, ya pili 3,190
4.10: ya tatu 2,150, ya pili 3,500
4.56: ya tatu 2,390, ya pili 3,900

Kwenye 1,790 injini hii inatoa kilowati 75 hivi. Kwenye 2,920 inakaribia 130. Ndiyo maana ya tatu ilishindwa kabisa na ya pili ikawa inaburuta mpaka mwendo uliposhuka ukalingana na nguvu iliyopo. Siku ile sikuielewa, leo naiona kwenye karatasi na inaniuma, maana gari haikuwa na kosa lolote.

3.73 inafika kwenye 140 kwa kubanabana. Tatizo ni kwamba injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda juu ya usawa wa bahari, na sehemu nzuri za kupiga kambi zina tabia ya kukaa juu. Weka na upepo wa mbele kidogo, umerudi kwenye mchezo wa tatu-pili-tatu-pili. 4.10 inanipa kama 160 kwenye gia ya pili, akiba ipo.

4.56 nimeitamani kwa siku mbili. Nimeikataa kwa sababu mbili. Pikapu hii inatembea bila karavani siku nyingi kuliko ikiwa nayo, na pinioni ya meno 9 ni nyembamba. Kadiri pinioni inavyopungua meno ndivyo kila jino linavyobeba zaidi. Kwa mtu anayevuta mzigo, hapo si mahali pa kupunguza nyama.

Kulikuwa na njia ya tatu, na nimeipa heshima yake: kurudisha tairi za 245 bila kugusa difu. Kwa injini hiyo ni karibu sawa na kufunga 3.73 na tairi hizi, tena kazi ni ya saa moja. Kama tairi zangu zingekuwa kipara ningeanzia hapo na ningemshauri yeyote aanzie hapo. Zina zaidi ya nusu ya meno, kwa hiyo zinabaki, na zikiisha nitashuka kwenye 265/75R16. Difu ni 4.10.

Nimemaliza kwa kuandika kwa herufi kubwa juu ya ukurasa: UZITO UNAORUHUSIWA HAUBADILIKI. Kitabu cha gari kina jedwali lenye uzito tofauti wa kuvuta kwa kila difu, na kishawishi cha kusoma mstari wa 4.10 baada ya kazi hii ni kikubwa. Lakini ule mstari uliandikwa kwa gari iliyotoka kiwandani hivyo, pamoja na vifaa vya kupoza na vinginevyo vilivyoendana nayo. Breki zangu, fremu yangu na ekseli yangu havijui kwamba nimebadilisha gia.

Na kwa mwenye giaboksi ya gia nane au kumi: funga hili daftari, huna shida yangu. Kwangu, kutoka gia ya pili ya 1.63 hadi ya tatu ya 1.00 ni shimo kubwa, injini inapoteza karibu asilimia 40 ya mizunguko kwa hatua moja. Gia zikiwa nyingi mashimo yanazibika, na difu inapungua umuhimu.

15 Machi

Tumefungua. Oili nyeusi, inanuka vile oili ya difu inavyonuka, nguo hazitafuliwa zikatakata. Kwanza ule mfuniko wa nyuma, kisha bolti ndogo inayofunga pini ya katikati, unachomoa pini, unasukuma shafti ndani kidogo, unatoa kile kibanio cha herufi C, shafti inatoka nje. Ile bolti ndogo ina sifa mbaya ya kukatikia ndani. Nimeipasha moto taratibu na kuitoa kwa robo mzunguko, nenda rudi, nenda rudi. Imetoka nzima. Nimeweka mpya.

Halafu bolti kumi za krauni. Shemeji alifunga bomba la mita moja kwenye spana akaning'inia. Bolti haikutikisika. Akapanda na mguu. Mimi naangalia tu, najifanya nasoma maelekezo, kumbe kweli nilipaswa kuyasoma.

"Shemeji, hebu shuka. Hii bolti kichwani ina herufi gani?"

Akafuta kwa kidole. "L."

L ni ya kushoto. Bolti za krauni kwenye difu hii zinafunguliwa kwa kuzungusha upande ambao kwa kawaida tunafungia. Tulikuwa tunazikaza kwa bomba la mita moja. Hakuna iliyokatika, na bahati hiyo sina maelezo nayo, ila zote kumi tumezitupa na kununua mpya.

Kikombe cha kubebea krauni kimebaki kilekile. Kwa difu hii 3.42 na 4.10 zinatumia kimoja. Si difu zote ziko hivyo: pinioni ikipungua, krauni lazima iwe nene zaidi ili meno yakutane, na ikifika mahali kiwanda kinabadilisha kikombe badala ya kuongeza chuma kwenye krauni. Uliza kabla ya kununua.

22 na 23 Machi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kufungua anaweza yeyote mwenye spana na shemeji. Kufunga ni mambo ya milimita za kuhesabia sehemu ya mia.

Kuna vitu vinne vya kupata sawa. Pinioni ikae kwenye kina sahihi, na hilo linaamuliwa na shimu, pete nyembamba ya kujazia nafasi, chini ya beringi yake kubwa. Beringi za pinioni zikazwe kiasi. Mwanya kati ya meno ya krauni na pinioni uwe sahihi. Na beringi za pembeni zishikwe vizuri na shimu zake.

Ujanja mmoja umeniokoa masaa. Beringi ya pinioni huingia kwa kubanwa na presi, na kila ukitaka kubadilisha shimu inabidi uing'oe, na kuing'oa mara tatu ni kuiua. Kwa hiyo beringi ya zamani nimeisugua tundu lake kwa msasa mpaka ikawa inaingia kwa mkono. Hiyo ndiyo ya majaribio. Nikishajua shimu sahihi ndipo naweka beringi mpya kwa presi, mara moja tu.

Nimeanza na shimu ileile iliyokuwa kwenye pinioni ya zamani. Nimepaka meno machache ya krauni rangi ya njano ile nzito, shemeji akaikaba krauni kwa kipande cha mbao iwe nzito kuzunguka, nikazungusha pinioni mbele na nyuma. Rangi inafutika pale meno yanapokutana, inabaki alama kama ukucha. Alama ya kwanza ilikuwa juu kabisa, inakaribia ncha ya jino. Maana yake pinioni iko mbali na krauni, isogezwe. Nikaongeza shimu ya milimita 0.10. Alama ikashuka, ikapitiliza kidogo kuelekea shinani mwa jino. Nikapunguza hadi 0.08. Ikakaa katikati, kama yai lililolazwa, upande wa kuvuta. Upande wa kuachia mafuta alama iko sawa pia ingawa imesogea kidogo kuelekea mwisho mwembamba wa jino. Tuliitazama mimi na shemeji, tukaikubali. Naandika hapa kwamba tuliikubali.

Mwanya wa meno nimeupima kwa saa ya sumaku iliyosimamishwa juu ya hauzingi, kidole chake kikigusa jino la krauni. Karatasi iliyokuja na gia inataka milimita 0.15 hadi 0.25. Nimepata 0.20 sehemu tatu za kwanza na 0.22 ya nne. Sikuigusa tena.

Kukaza nati ya pinioni ni adhabu. Katikati ya beringi mbili kuna bomba fupi la chuma linalopaswa kubonyea, na mpaka lianze kubonyea unavuta kwa nguvu zako zote na bado. Kisha ghafla linalegea, na tangu hapo ni unywele kwa unywele: unakaza kidogo, unapima uzito wa kuzungusha pinioni, unakaza tena. Beringi mpya zinataka kati ya nyutoni-mita 1.7 na 3.4. Ukizidisha huwezi kurudi nyuma kwa kulegeza nati, kwa sababu bomba likishabonyea limebonyea. Linatupwa, unaweka jipya. Nilizidisha. Nina bomba moja lililobonyea juu ya rafu, kumbukumbu.

Jaribio la pili limekaa kwenye 2.4.

29 Machi

Oili mpya ya 75W-90 mpaka usawa wa tundu, lita mbili na kidogo. Difu ya mbele nimempa fundi, maana inataka kufungua shafti za mbele zote mbili na mgongo wangu umekataa. Itakuwa tayari wiki mbili zijazo.

Mpaka hapo foo-wili ni marufuku. Nyuma 4.10 na mbele 3.42 zikishikana kwenye lami, ekseli mbili zitakuwa zinavutana kila moja na mwendo wake, na kitakachokubali kushindwa kwanza ni kisanduku cha kugawia nguvu. Nimebandika gundi ya karatasi juu ya swichi na kuandika USIGUSE. Mke wangu ameongeza chini yake: HATA WEWE.

Mshale wa mwendo sasa unadanganya upande wa pili. Difu imeongeza mizunguko ya propela asilimia 20, tairi imepunguza asilimia 7, kwa hiyo nikiwa 90 ya kweli unasoma 100. Si suala la mshale tu: kompyuta hutumia mwendo huo kuamua lini ibadili gia, na leo ilikuwa inabadili ovyo. Nimeingiza uwiano mpya na mzingo wa tairi kwa kifaa cha kuprogramu, nikalinganisha na simu barabarani. Wameelewana.

6 Aprili

Gia mpya hazipelekwi kilimani. Nimeendesha robo saa polepole, nikasimamisha mpaka hauzingi ikapoa kabisa kwa kiganja, ndipo nikaondoka tena. Mara tatu hivyo. Kilomita 800 za mwanzo bila karavani.

Bila mzigo gari imekuwa nyepesi kuondoka, kama imeondolewa gunia mgongoni. Kwenye 110 gia ya nne inazunguka 2,070 badala ya 1,725. Inasikika, ila haichoshi.

3 Mei

Kilomita 812, oili imemwagwa. Sumaku ya kizibo ina unga wa kijivu laini kama majivu, hakuna kipande. Difu ya mbele imefungwa tangu katikati ya Aprili, gundi kwenye swichi imetoka. Karavani nimeivuta kwanza vipande vitatu vya kilomita 25, nikipoza kati yake.

17 Mei

Kilima kilekile, karavani ileile, mizani imesema kilo 5,370. Makusudi sijafunga kipoza oili cha ziada, ingawa kiko kwenye boksi. Nilitaka kujua difu peke yake imefanya nini.

Nilianza kupanda kwa 80. Kwenye mwinuko mdogo wa mwanzo gia ya tatu ilijitahidi, kisha ikashuka ya pili na kubaki hapo. Mshale wa mizunguko kwenye 3,500. Kelele ipo, tena kubwa, Neema aliziba masikio. Lakini mguu wangu haukufika sakafuni, na mwendo ulikaa 80 mpaka juu, ukapungua hadi 77 kwenye kona ya mwisho tu. Gia ilibadilika mara mbili kwenye kilima chote. Oili ya giaboksi: nyuzi 101. Bado nyingi kuliko nipendavyo, kipoza kitafungwa.

Mafuta, kwa umbali uliorekebishwa: nikivuta, zamani lita 24.5 kwa kilomita 100, sasa 24.1. Bila mzigo zamani 14.8, sasa 15.6. Kwa hiyo nalipia kidogo kila siku na kurudishiwa kidogo safarini. Mbele ya ile mara kumi na moja, ninalipa.

24 Mei

Kuna mlio mwembamba kati ya 70 na 75 nikiachia mafuta, kama mbu yuko mbali. Ukikanyaga unaisha. Ni upande uleule wa jino ambao tuliutazama na shemeji tukaukubali. Nimepima joto la hauzingi baada ya kilomita 60: nyuzi 71, kawaida. Nimeandika kilomita kwenye mfuniko wa difu kwa kalamu ya chuma, 1,430 tangu gia mpya, na nitasikiliza tena kwenye 3,000. Shemeji anasema hausikii. Shemeji ana masikio ya kuning'inia kwenye bomba.